Kwenda Saanane na Kuwaona Wanyama Wake: Mwongozo Kamili kwa Mgeni na Mwenyeji wa Mwanza

Mkazi wa Mwanza anaweza kuishi miaka ishirini akikiona Kisiwa cha Saanane kila jioni kutoka Capri Point, kikiwa kimejilaza majini kama mgongo wa kiboko, na asikikanyage hata siku moja. Wapo pia waliokwenda mara moja wakarudi wakisema kule hakuna kitu. Nimewauliza wengi wao walivuka saa ngapi, na majibu yao hufanana: walivuka saa sita au saa saba mchana, wakaketi kivulini na soda zao, wakapiga picha mbili tatu juu ya mwamba, kisha wakapanda boti ya kurudi. Saa hizo wenyeji wa kisiwa, yaani wanyama wenyewe, wamejificha. Mwongozo huu unamlenga yule aliyerudi mikono mitupu pamoja na mgeni anayefika Mwanza kwa mara ya kwanza.

Kabla ya hatua yoyote, ni vyema kufahamu unakwenda mahali pa namna gani. Kisiwa kilipata jina kutokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mwenyewe wa ardhi ile kabla serikali haijamlipa fidia na kumhamishia kwingine. Mwaka 1964 ikaanzishwa hapo bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, kwa makusudi mawili: kuwafundisha wananchi uhifadhi, na kuwa kituo cha kuwapokea wanyama waliokuwa njiani kupelekwa Kisiwa cha Rubondo. Mwaka 1991 bustani ikapandishwa kuwa pori la akiba, na mwaka 2013 ikawa Hifadhi ya Taifa chini ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania. Eneo lake lote, pamoja na visiwa vyake vitatu vidogo na maji yanayovizunguka, ni kilomita za mraba 2.18 tu, nayo ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania.

Historia hiyo ina maana kwa mgeni wa leo. Saanane imebeba tabia mbili kwa pamoja. Wako wanyama ambao mawe na maji yale ni kwao tangu hapo, kama vile pimbi, mijusi, kenge na ndege wa ziwani. Na wako walioletwa na watu, kama swala pala, ambao sasa wanatembea huru. Kwa nyakati tofauti kisiwa kimewahifadhi pia wanyama ndani ya uzio, simba wakiwamo, na watoto wengi hukumbuka hao tu. Lakini aliyezoea kuwaza bustani ya wanyama kama safu ya vizimba ambavyo mtu huvipitia kimoja baada ya kingine, kila kimoja na kibao chake, huku atapotea. Hapa hakuna safu. Mnyama ndiye anayechagua aonekane wapi na saa ngapi, na kazi ya mgeni ni kuijua ratiba ya mnyama na kujipanga kwayo.

Hatua ya kwanza: chagua saa kabla hujachagua siku

Ukilikosea jambo hili, hatua nyingine zote hazitakusaidia sana. Mwanza iko magharibi mwa nchi huku ikitumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua lake huchelewa: huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mgeni kutoka pwani huamka mapema kwa mazoea, akatazama nje, akaona giza, akalala tena. Asilale. Kipindi kizuri kuliko vyote kisiwani ni kile cha tangu saa moja na nusu hadi karibu saa nne, wakati mawe ya matale yanapoanza kupata joto na wanyama wa mawe wanapotoka kuota jua, huku swala na tumbili wakiwa bado wanakula kabla joto halijawasukuma vichakani. Ziwa nalo huwa limetulia asubuhi, ilhali kuanzia alasiri upepo wa ziwani huinua mawimbi ambayo, ingawa si ya kutisha, humlowanisha abiria wa mbele na kumharibia safari mwenye kichefuchefu.

Kwa sababu hiyo, siku moja kabla ya safari pita au piga simu katika ofisi ya hifadhi iliyopo Capri Point, uulize boti ya kwanza huondoka saa ngapi kesho yake na kama kuna kundi kubwa lililoweka nafasi. Usiulize kama hifadhi iko wazi. Utajibiwa kwamba iko wazi, nawe hutakuwa umepata habari yoyote unayoihitaji. Ikiwa asubuhi haiwezekani kabisa, vuka saa tisa alasiri na ukubaliane mapema saa ya kurudishwa, kwa kuwa kipindi cha saa kumi hadi jua kuzama ndicho cha pili kwa uzuri.

Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu, nyasi huwa fupi na mnyama huonekana kwa mbali. Masika, kati ya Machi na Mei, kisiwa hujaa kijani na ndege hujenga viota, lakini mwamba ukilowa huwa kama umepakwa sabuni. Mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, huja na radi, na wakaao kando ya Ziwa Victoria wanajua kwamba radi ya ziwani si ya kufanyiwa mzaha: ukiona wingu jeusi likipanda kutoka upande wa maji, ahirisha kuvuka hata kama umeshalipa.

Siku za katikati ya wiki ni tulivu. Idi, Krismasi, Nane Nane na Jumamosi za safari za shule ni siku za furaha, na kisiwa hupendeza kwa kelele za watoto, ila usizitegemee kwa kuona wanyama.

Hatua ya pili: malipo na vitambulisho

Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu mlangoni. Utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba, kisha utalipa kwa simu, benki au kadi. Viwango hutofautiana kwa raia wa Afrika Mashariki, wageni wakaazi na wageni kutoka nje, na watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Chukua kitambulisho cha Taifa, au pasipoti ikiwa unatoka Kenya, Uganda au nchi nyingine jirani, kwani bila uthibitisho wa uraia unaweza kutozwa kiwango cha mgeni wa mbali, na mabishano ya mlangoni hula saa zile zile nzuri za asubuhi. Uliza gharama ya boti na ya mwongozaji kando na kiingilio, uulize pia kama kiasi ulichotajiwa kimejumuisha kodi ya ongezeko la thamani. Hakikisha simu ina salio na chaji tangu usiku. Niliwahi kusimama gatini dakika arobaini nikisubiri ujumbe wa uthibitisho wa malipo, mtandao ukiwa umelala, huku boti niliyoipangia ikiondoka na wengine. Tangu hapo hulipa siku moja kabla.

Hatua ya tatu: mavazi na mkoba

Saanane ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, tena juu ya mawe. Vaa raba zenye soli inayoshika, si ndala wala viatu vya ofisini. Suruali ndefu au gauni la kitambaa kizito litakukinga na miiba na wadudu. Rangi iwe ya udongo, kijani kibichi au kijivu. Nyeupe inayong'aa na nyekundu huwashtua swala kabla hujafika. Usivae kabisa nguo za mabaka zinazofanana na sare za jeshi, kwa kuwa raia haruhusiwi kuzivaa nchini Tanzania, hifadhini au mjini.

Mkobani weka maji ya kunywa, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia, mafuta ya kukinga jua, kitambaa cha kujifutia, chakula kilichofungwa vizuri, na darubini ikiwa unaweza kuiazima. Darubini ndogo ya kawaida ina faida kuliko kamera ya bei kubwa, maana mjusi aliye hatua ishirini juu ya jiwe huonekana mpaka magamba. Usibebe chakula katika mfuko wa plastiki: mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na askari wa uhifadhi wana haki ya kukuzuia nayo. Tumia kikapu au mfuko wa kitambaa wenye zipu. Zipu ina sababu yake, nitaieleza nitakapofika kwa tumbili.

Hatua ya nne: kuvuka

Kutoka katikati ya mji hadi ofisi ya hifadhi unaweza kutembea kwa miguu au kuchukua bajaji au bodaboda. Mtaje dereva ofisi ya Saanane, Capri Point, naye atakufikisha. Anayetoka stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo ashukie mjini kwanza. Ukifika, jiandikishe, vaa jaketi okozi na ulifunge kamba zote, hata kama nahodha mwenyewe hajalifunga lake. Mwendo ni wa dakika chache tu, lakini ziwa halipimi urefu wa safari ya mtu.

Keti upande unaotazama mawe yaliyochomoza majini. Mnandi, ndege weusi wenye shingo ndefu, husimama juu yake mabawa wameyatandaza kama mtu anayeanika koti. Manyoya yao hulowa wanapozamia samaki, kwa hiyo lazima yakaushwe. Mwombe nahodha apunguze mwendo mnapokaribia ufuko wa kisiwa. Mara nyingi mamba wa kwanza wa siku huonekana kutoka kwenye boti, na abiria wengi humkosa kwa sababu wanajipiga picha.

Hatua ya tano: saa ya kwanza uitoe kwa mawe

Ukishuka, utavutwa uende moja kwa moja kwenye banda la mapumziko au kileleni. Usiende. Mwombe mwongozaji akupeleke kwenye mawe makubwa yanayopata jua la asubuhi, kisha keti, usiseme neno kwa dakika kumi. Dakika hizo kumi ni ndefu kwa mtu wa mjini, na watoto wataziona kama mwaka, lakini ndizo zinazotenganisha mtu aliyeiona Saanane na aliyefika Saanane.

Wa kwanza kutoka atakuwa pimbi. Ana ukubwa wa sungura, rangi ya udongo, masikio mafupi na hana mkia wa kuonekana. Mtu asiyemjua humdhania panya mkubwa, na hapo ndipo mwongozaji mzuri hufurahia kazi yake, kwa sababu ndugu wa karibu wa pimbi miongoni mwa wanyama wanaoishi leo ni tembo na nguva. Mtazame mdomo anapopiga mwayo: meno yake mawili ya juu yamechongoka kama pembe ndogo za ndovu. Pimbi hana uwezo mzuri wa kulidhibiti joto la mwili wake, ndiyo maana asubuhi hulala juu ya jiwe akiwa amejibanza na wenzake mpaka apate joto la kutosha kwenda kula majani. Angalia nyayo zake kwa darubini ukipata nafasi. Zina nyama laini yenye unyevu, kama mpira, na ndiyo inayomwezesha kukimbia kwenye mwamba uliosimama wima bila kuteleza. Katika kila kundi kuna mmoja asiyelala. Huyo ni mlinzi. Ukisikia mlio mkali wa ghafla na mawe yote yakabaki matupu, tazama juu, kwani huenda tai amepita. Na ile michirizi myeupe utakayoiona ukutani mwa mawe si chokaa wala rangi ya waandishi wa ukutani, bali ni choo chao cha pamoja kilichotumika kwa vizazi vingi.

Wa pili ni mjusi kafiri wa miambani. Dume lina kichwa, shingo na mabega ya rangi nyekundu iliyokolea kuelekea waridi, na mwili wa buluu, mpaka mtu hudhani limepakwa rangi kwa mkono. Wataalamu wamempa jina la kisayansi Agama mwanzae, kwa heshima ya jiji letu, na sidhani kama kuna wakazi wengi wa Mwanza wanaojua kwamba jina la mji wao limo katika vitabu vya mijusi. Jike ni la kahawia na hupotea kabisa kwenye jiwe. Dume likikuona hupandisha na kushusha kichwa mara kwa mara; watoto wa mtaani husema anasalimia, lakini hasa anatangaza kwamba jiwe lile lina mwenyewe. Ukitaka picha nzuri, usimfuate. Keti upande ambao jua liko mgongoni mwako, usubiri, maana atarudi kwenye jiwe lile lile.

Wakati huo huo chungulia nyufa za mawe bila kuingiza mkono. Kobe bapa, ambaye gamba lake ni jembamba na laini kiasi cha kufanana na chapati, hujibana humo ndani. Kobe wengine wana gamba la duara lenye madoa kama ya chui, nao utawakuta njiani wakitembea kwa utaratibu wao. Usimnyanyue kobe hata kwa nia njema ya kumwonyesha mtoto, kwani kobe akishtuka hutoa maji aliyoyahifadhi mwilini, na wakati wa kiangazi upotevu huo unaweza kumgharimu maisha. Kobe bapa yuko katika hatari kubwa ya kutoweka duniani kwa sababu ya kuwindwa na kuuzwa nje kama mnyama wa kufugwa ndani.

Hatua ya sita: nyasini na chini ya miti

Jua likianza kuuma, hamia kwenye maeneo ya nyasi na vichaka. Swala pala ndiye utakayemkuta kwa urahisi zaidi. Dume lina pembe zilizopinda kwa madaha; jike halina. Dume moja likiwa na majike mengi linalilinda kundi lake, na madume yasiyo na majike hukaa pamoja pembeni kama vijana wa kijiweni. Kwenye visigino vya miguu ya nyuma swala pala ana vishungi vyeusi vya nywele, alama ambayo ukiishaijua hutamchanganya na mnyama mwingine. Wakaribie kwa mstari wa upande, si wa kuwaelekea moja kwa moja, na simama kila wanapoinua vichwa. Ukiona wameanza kupiga chini kwato au kukoroma, umeshafika karibu kupita kiasi. Rudi hatua kadhaa.

Tumbili hawahitaji kutafutwa, watakutafuta wao. Tumbili wa mahali penye wageni amejifunza kwamba mfuko wa mtu ni ghala, na anajua kufungua kila kitu isipokuwa zipu iliyofungwa mpaka mwisho. Usimlishe hata kwa ganda la ndizi. Mnyama aliyezoea kulishwa huanza kudai, akidai huuma, na akiuma anayeadhibiwa mwishowe ni yeye. Usimkazie macho wala usimchekee kwa kuonyesha meno, kwa kuwa kwake hiyo ni lugha ya ugomvi. Badala yake, msikilize. Utafiti uliofanywa kwa tumbili wa Amboseli nchini Kenya ulionyesha kwamba wana milio tofauti ya tahadhari kwa maadui tofauti: mlio wa chui huwapandisha mitini, wa tai huwafanya watazame juu na kukimbilia kichakani, na wa nyoka huwasimamisha kwa miguu miwili wakichunguza nyasi. Kisiwani unaweza kulitumia somo hilo. Ukiwaona tumbili wamesimama wima wakitazama mahali pamoja chini, wewe pia simama, kisha mwite mwongozaji.

Yuko pia kima wa De Brazza, ambaye ni vigumu kumwona mahali pengine nchini. Ana ndevu nyeupe za mzee mwenye busara na utepe wa rangi ya kutu juu ya macho. Tabia yake ni kinyume cha ya tumbili: ni mkimya, na akihisi hatari haikimbii bali huganda, akabaki tuli kwa muda mrefu mpaka mtu akapita chini yake bila kujua. Mtafute kwenye miti yenye kivuli kizito karibu na maji. Usipomwona, usijilaumu, nimekwenda mara kadhaa na nimemwona mara moja, tena mgongo.

Hatua ya saba: ukingo wa maji

Sehemu hii huitembei bila mwongozaji, na watoto washikwe mkono. Mamba wa Ziwa Victoria ana macho na pua juu kabisa ya kichwa, kwa hiyo anaweza kukuona na kupumua huku mwili wote ukiwa umezama. Kaa mbali na ukingo, usichutame kunawa, usiloweshe miguu. Mamba uliyemkuta nchi kavu akiwa ameachama mdomo hajakasirika, anajipoza joto. Aliye hatari zaidi ni yule usiyemwona.

Wageni wengi wanapomwona kenge hupiga kelele wakidhani ni mamba mdogo. Kumtofautisha ni rahisi. Kenge hutembea akiwa ameinua kichwa, ana shingo ya kuonekana, ngozi yenye madoa ya manjano na ulimi mrefu uliogawanyika ambao huutoa na kuurudisha kila mara kunusa hewa. Mamba hana ulimi wa namna hiyo wala shingo. Uhasama wao ni wa kale, kwa kuwa kenge hufukua mayai ya mamba na kuyala.

Chatu naye yupo, na huonekana kwa nadra, akiwa amejikunja juani karibu na maji au kati ya mawe. Hana sumu, huua kwa kubana. Usukumani kuna vikundi vya ngoma vinavyocheza na chatu shingoni, na huenda umewaona katika sherehe mjini, lakini wale wana mafunzo yao na chatu wao. Wa kisiwani mwache alipo.

Inua macho pia. Furukombe, tai mwenye kichwa na kifua cheupe, hukaa kwenye mti mkavu ulio juu kuliko mingine, na mlio wake wa asubuhi husikika mpaka ng'ambo. Mdiria mweusi na mweupe huelea hewani mahali pamoja kama helikopta kabla ya kujitupa majini, na yangeyange hutembea kwenye maji ya kina kifupi kwa hatua za kuhesabu. Aina za ndege zilizoorodheshwa kisiwani ni takribani 70. Ukiandika majina ya kumi ulioyatambua kwa hakika, hiyo ni siku njema.

Hatari iliyo ndogo kuliko zote kwa umbo na inayowapata watu wengi zaidi ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia penye majani, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Huna haja ya kuogelea ili uambukizwe. Kusimama majini ukipiga picha kunatosha. Mbu huanza kazi jioni, kwa hiyo anayerudi na boti ya mwisho ajipake dawa ya kufukuza mbu mapema.

Mchana na kileleni

Kuanzia saa tano hivi wanyama hupumzika, na ndio wakati wako wa kula, na wa kupanda mwamba kama mguu unaruhusu. Panda penye njia, shuka taratibu kwa kutanguliza mguu na si mkono, na usipande kabisa mvua ikishanyesha. Juu utaiona Mwanza kama ilivyo, nyumba zimepandishwa juu ya mawe kwa ubishi wa aina yake. Mabaki yote ya chakula rudi nayo, hata mfupa wa sato.

Ukiwa na watoto, usiwaahidi simba. Waahidi pimbi, uwasimulie habari za jamaa yake tembo usiku wa kuamkia safari, nao ndio watakaokuwa wa kwanza kumwona. Mgawie kila mtoto mnyama mmoja wa kumtafuta. Hilo hupunguza mbio na ugomvi. Kwa mzee au mwenye maumivu ya magoti, mweleze mwongozaji kabla ya boti kuondoka, akuchagulie njia za tambarare.

Kwa mwenye siku tatu zaidi: Rubondo

Aliyeridhika na Saanane na akataka kujua wale wanyama wa miaka ya 1960 walikuwa wakipelekwa wapi, anaweza kuifuata njia yao. Rubondo, kusini magharibi mwa ziwa, ikawa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977. Ina kilomita za mraba 456.8 pamoja na maji. Kati ya mwaka 1966 na 1969, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, Bernhard Grzimek, na Shirika la Frankfurt la uhifadhi waliwaachia huko sokwe mtu 17 waliokuwa wakiishi katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Hawakufundishwa kwanza namna ya kuishi porini. Walifungua vizimba, sokwe wakaingia msituni, na vizazi vyao ndivyo vilivyomo leo. Twiga na tembo nao walipelekwa huko, huku viboko, nzohe (swala wa kwenye matete na maji) na fisimaji wakiwa wa hapo tangu zamani.

Kwa barabara, vuka Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025 na kumaliza foleni za kivuko, endelea kupitia Geita, kisha panda boti ya hifadhi kutoka upande wa Nkome au wa Chato kulingana na maelekezo utakayopewa. Weka nafasi ya kuwafuatilia sokwe mapema, na ukipata mafua au kikohozi siku ya safari, sema. Hutaruhusiwa kuwakaribia, kwa kuwa magonjwa yetu ya kifua huwaambukiza nao, na mafua yanayokulaza wewe siku mbili yanaweza kumwua sokwe. Nendeni wachache, na mjiandae kutembea nusu siku mkisikia sauti zao tu kutoka bondeni, na huenda msiuone hata mkono mmoja.